Kumfundisha mzee mstaafu kutuma meseji na imeli, hatua kwa hatua, bila kumpokonya simu

Baba yangu alifundisha shule ya msingi mkoani Tanga mpaka alipofikisha miaka 60, na siku anakabidhi chaki alikuwa anajua kuandika barua rasmi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ila meseji ya simu alikuwa hajawahi kutuma hata moja. Yeye kila kitu ni kupiga. Usipopokea anapiga tena, salio likiisha anabipu, ikishindikana kabisa anamwita mjukuu, "hebu mwandikie baba yako hapo umwambie mahindi yameshavunwa". Mama mkubwa, nesi mstaafu wa Morogoro, naye alikuwa hivyohivyo. Nimekaa nao wote wawili, baadae wakaja na wenzao wa kanisani, na sasa hivi baba ananiandikia mwenyewe, mama mkubwa ndo usiseme. Haya hapa chini ndo yaliyosaidia kweli, na yamekaa kwa mpangilio ambao ningeufuata kama ningeanza upya leo.

Kabla ya yote, simu ibaki mkononi mwake

Hili naliweka juu kabisa kwa sababu bila hili mengine yote ni bure. Mzee anakwambia "nitumie hii", we unachukua simu, vidole vinakimbia, unamrudishia, "tayari baba". Hapo hujamsaidia, umemthibitishia kwamba hiki kitu ni cha watoto. Mi nilifanya hivyo karibu mwaka mzima na kila nikirudi Dar baba anabaki palepale nilipomkuta. Siku moja nikaamua, nikaikalia mikono yangu, kweli kabisa nikaiweka chini ya mapaja, nikawa naongea kwa mdomo tu: bonyeza hapo, sio hapo baba, juu kidogo, eeh hapohapo. Meseji ya maneno manne ilichukua dakika 20 kuondoka. Ila kesho yake asubuhi alituma nyingine peke yake mi nikiwa bado nimelala.

Kaa ubavuni kwake, usikae mbele, ili wote wawili muone kioo kwa upande mmoja. Fanya asubuhi baada ya chai akiwa hajachoka, nusu saa inatosha, na wajukuu wasiwepo kwa sababu mtoto akiona babu anakosea atacheka tu, na mzee akichekwa mara moja simu inarudi mfukoni mwezi mzima.

1. Anza na mtu anayetaka kumwandikia

Usianze na "hii ni menyu, hii ni mipangilio". Muulize nani anamkumbuka na hampati kwa simu. Mama mkubwa binti yake yuko Muscat anafanya kazi za ndani, na huko hawezi kupokea simu saa za kazi, anaiona usiku tu akimaliza, kwaiyo akipata nafasi mama yake ameshalala. Miaka miwili walikuwa wanapishana hivyo. Meseji ndo ikawa dawa, maana meseji inasubiri. Ukimpata mtu wa namna hiyo nusu ya kazi imeisha, mzee atakuuliza mwenyewe "nikitaka kuweka alama ya kuuliza nafanyaje".

Kuna na wale ambao masikio yamepungua nguvu. Hawa wasaidie mapema sana. Baba sikio la kushoto halisikii vizuri, na simu zetu zilikuwa ni kupayuka tu, "eeh? nini? hebu rudia", mwisho anasema haya sawa na hajasikia kitu. Akisoma anaelewa kila neno na anaweza kurudia kusoma mara tatu.

2. Iandae simu kabla hujafundisha chochote

Kama ni simu ya kupangusa, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kioo au onyesho, ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mzee asome bila kusogeza mkono mbali. Ongeza na mwanga. Lugha weka Kiswahili, simu nyingi za Android zinacho, japo baadhi ya wazee wa serikalini wamezoea maneno ya Kiingereza kwaiyo muulize anataka ipi, usimwamulie.

Alafu vidole. Mzee aliyelima miaka mingi au aliyezeeka ngozi inakuwa kavu na ngumu, na kioo cha simu kinategemea umeme kidogo unaopita kwenye ngozi, ngozi ikiwa kavu sana kioo hakimsikii. Anabonyeza mara tano, anadhani hajui, anakata tamaa. Apake mafuta kidogo mikononi, ajifute, ajaribu tena. Kama mkono unatetemeka au anakandamiza muda mrefu, kwenye mipangilio ya ufikivu kuna sehemu ya kuongeza muda wa kugusa na kushikilia, weka mrefu, utaona makosa yanapungua siku hiyohiyo.

Kama ni kitochi, yaani simu ndogo ya vitufe, usimdharau nacho wala usimlazimishe kubadilisha. Kitochi kinakaa na chaji siku nyingi na kinatuma meseji vizuri tu. Ila zima ile kamusi inayojaza maneno, kwenye vitochi vingi unabonyeza reli mpaka ibadilike, maana ile inawaza Kiingereza na mzee akiandika "shamba" inamletea vitu vya ajabu.

3. Meseji ya kwanza

Kwa kitochi neno la kwanza liwe "mama". Sio kwa sababu ya mapenzi tu, angalia vitufe: m iko kwenye 6 na ni ya kwanza, a iko kwenye 2 na ni ya kwanza, kwaiyo ni 6, 2, 6, 2, bonyezo moja moja, kwisha, neno limeandikwa. Mzee anaona neno zima limetokea anacheka mwenyewe. Sasa linganisha na "baba": herufi zote nne zipo kwenye kitufe cha 2. Unabonyeza mara mbili upate b, unasubiri kamstari karuke, unabonyeza mara moja upate a, unasubiri tena. Usiposubiri inakuletea c. Hapa ndo wengi wanakwama, hata "habari" ina hiyo a na b zimefuatana, na mtu hajui kosa liko wapi kwa sababu amebonyeza sahihi ila hajasubiri. Kwaiyo mama kwanza, baba siku ya pili, na neno "subiri" ulitamke kila anapofika hapo.

Kwa simu ya kupangusa kosa la kawaida ni kidole kugusa herufi mbili. Mwambie aguse na ncha ya kidole, na akikosea ile alama ya kufuta inafuta moja moja, hakuna kinachoharibika. Wazee wanaogopa sana kuharibu simu ya watu. Mwambie wazi kabisa kwamba kuandika na kufuta hakuharibu kitu na hakukati hela, hela inakatwa ukituma.

Namna ya kueleza meseji kwa mtu wa umri huu ni moja tu, telegramu. Wote wanaikumbuka. Ulikuwa unaenda posta unalipia kwa neno, unapunguza maneno mpaka yanabaki manne, "MAMA MGONJWA NJOO HARAKA". Meseji moja ya kawaida inabeba herufi 160, ukizidisha inahesabiwa mbili, na ukiweka vile vikatuni vya nyuso uwezo unashuka mpaka 70. Baba alivyosikia hivyo alielewa palepale. Ila ujue na upande wa pili, telegramu kwa kizazi chao ilikuwa mara nyingi ni msiba au ugonjwa, kwaiyo ujumbe mfupi ukiingia usiku moyo unashtuka. Meseji zako kwake zianze na salamu, "Shikamoo baba, huku wote wazima", alafu ndo useme shida yako.

Na hapo vijana wenzangu naomba mnisikie. Ukimwandikia mzee andika maneno kamili. "Xaxa baba 2po pw, nmefka" mzee wangu aliikodolea macho akaenda kumuuliza jirani ile ni lugha gani. Yeye amefundisha watoto kuandika sentensi maisha yake yote, unampa kitu ambacho hawezi kukisoma alafu unasema wazee hawajui simu.

Majina kwenye simu yahifadhiwe jinsi yeye anavyowaita watu. Kama anamuita dada yako "mama wawili", andika hivyohivyo. Nilikuwa nimejaza majina ya vyeti, mzee anatafuta haoni.

4. Imeli, yaani barua ile ile

Hapa ndo nilishangaa, maana niliiogopa kuliko meseji na ikawa rahisi kuliko meseji. Mtumishi wa serikali aliyestaafu anaijua imeli tayari, hajaambiwa tu. Chukua karatasi muandike barua rasmi pamoja, alafu weka simu pembeni umwonyeshe kimoja kimoja. Pale pa kuandika anwani ya anayepelekewa ndo anwani yetu ya siku zote, ila badala ya S.L.P. kuna jina, kisha ile a yenye mkia iliyozungushwa, kisha jina la posta. Gmail ni posta, ila matawi yake hayapo mtaani. Pale pa kichwa cha habari ndo YAH. Pale penye Cc ndo nakala, kama tulivyokuwa tunapeleka nakala kwa Afisa Elimu. Bcc ni nakala ambayo wengine hawaioni, na waliowahi kushika mafaili ya SIRI wanaelewa kabla hujamaliza sentensi. Kiambatisho ni kiambatisho. Rasimu ni rasimu. Baba alinitazama akasema "sasa mbona hukuniambia siku zote kwamba ni barua?"

Kufungua akaunti fanyeni pamoja, na haya yazingatiwe:

Anwani iwe jina lake na kitu kifupi anachokikumbuka, yasiwe manamba marefu, maana ataisoma kwa mdomo kwa watu dirishani ofisini. Nukta kwenye anwani ya Gmail hazibadilishi kitu, akisahau kuiweka barua inafika tu.

Namba ya simu ya kurudishia akaunti iwe ya kwake yeye, laini aliyoisajili kwa alama ya kidole na namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Nimeona watoto wanaweka namba zao, mtoto anabadilisha laini, mzee anafungiwa nje ya barua zake mwenyewe.

Paswedi iandikwe kwenye daftari. Najua watu wanasema usiandike, lakini huyu ni mzee wa miaka 68 anayekaa nyumbani kwake, daftari likikaa kwenye sanduku pamoja na hati ya kiwanja liko salama kuliko kichwani. Iandikwe kwa herufi zilezile, kubwa kubwa na ndogo ndogo, maana simu inapenda kuanza na herufi kubwa yenyewe na kuongeza nafasi mwishoni, na hapo mzee anaambiwa paswedi sio sahihi wakati anaijua vizuri. Kuna alama ya jicho pale, aibonyeze aone anachoandika.

Tarehe ya kuzaliwa aliyoweka nayo iandikwe daftarini. Wengi wao tarehe zao ni za makadirio na kila karatasi ina ya kwake, kwaiyo atumie ile ya NIDA kila mahali.

Imeli ya kwanza ya baba kwangu ilikuja na anwani yake juu kulia. Alibonyeza nafasi mara nyingi mpaka anwani ikafika upande wa kulia, kwangu ikaonekana imevunjika vunjika, chini yake tarehe, "Mpendwa mwanangu", YAH: KUWASILI KWA MBOLEA, kisha "husika na kichwa cha habari hapo juu". Sikumrekebisha hata herufi. Nikamjibu kwa mpangilio huohuo, na mi nikaweka YAH yangu. Na wewe usimrekebishe, barua imefika, hilo ndo lililotakiwa.

Akibonyeza tuma kwa bahati mbaya kuna sekunde chache panatokea neno la kutendua chini ya kioo, kwenye kompyuta unaweza kuziongeza mpaka sekunde 30. Mwonyeshe mapema, linamtoa hofu. Mwonyeshe na folda ya taka, kwa sababu barua halali wakati mwingine zinaangukia huko, aikague kila wiki.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba Gmail inatoa GB 15 bure ila hizo ni pamoja na picha zilizohifadhiwa kwa Google. Mzee yuko kwenye magrupu matatu ya WhatsApp, kila asubuhi maua na video za maombi, simu inazihifadhi zote, siku nafasi ikijaa barua haziingii tena na yeye hajui. Zima ule upakiaji wa picha wenyewe, na ukienda nyumbani futa video pamoja naye. Na aifungue hiyo akaunti mara kwa mara, Google wanaweza kufuta akaunti isiyoguswa miaka 2.

5. Matapeli, na hapa usiende haraka

Siku mstaafu anapojua kusoma meseji ndo siku matapeli wanampata, na wanajua wastaafu wamelipwa kiinua mgongo. Kaa naye kikao kizima juu ya hili tu. Mwandikie kwenye daftari mifano kama inavyokuja:

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Hii haina salamu wala jina lako. Inategemea kwamba labda kuna mtu alikuwa anakudai au ulikuwa unataka kumtumia, we ukadhani ni yeye. Jibu lake ni kutojibu. Kama kweli kuna mtu unatakiwa kumtumia hela, mpigie kwa namba yake ya zamani.

"Habari mzee, naitwa fulani wa mfuko wa pensheni, mafao yako yalikokotolewa vibaya, kuna nyongeza yako hapa, tuma kwanza ada ya faili." Hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu wastaafu wengi kweli wana malalamiko ya mafao. Mwaka 2018 mifuko minne, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, na mzee aliyejiunga kwa jina la zamani akiambiwa faili lake lilipotea kwenye kuunganisha anaamini haraka. Mwambie hivi: haki yako hailipiwi kwa simu. Akiwa na wasiwasi aende ofisini kwao mwenyewe na kitambulisho, au ajibu "nitakuja ofisini" aone kama huyo mtu atabaki.

Na mtu yeyote akipiga akijitambulisha kama wa mtandao wa simu, huduma kwa wateja wanapiga kwa namba 100, sio namba ya kawaida. Meseji ya kitapeli anaipeleka kwenda 15040, hiyo ni namba iliyowekwa chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo, akiulizwa namba iliyotuma anaiandika. Apige pia nyota 106 reli aangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yake, kuna mzee mmoja pale kanisani alikuta laini ambayo haijui kabisa.

Namba ya siri ya kutolea hela na zile tarakimu zinazoingia kwenye meseji kwa ajili ya kufungulia akaunti hazisomwi kwa mtu. Hata kwangu mimi mwanao. Nilimwambia baba hivyohivyo, na wiki iliyofuata nikampigia kwa namba nyingine nikamwomba zile tarakimu kumjaribu, akanikatia simu. Nilifurahi mpaka nikalia.

Kama ameshaibiwa usimfokee. Mama mmoja alituma laki tatu akakaa miezi minne bila kumwambia mtu kwa aibu, na muda wote huo tapeli alikuwa anaendelea kumuomba. Akijua hutamfokea atakuambia siku hiyohiyo, na siku hiyohiyo mtandao unaweza bado kuizuia hela.

6. Baada ya hapo

Mpe kazi moja ndogo kila wiki ambayo kweli unaihitaji. Mi namwomba baba aniandikie bei ya mahindi Korogwe kila Jumamosi, naitumia kweli, na amefika mahali anaongeza na bei ya maharage bila kuombwa. Mama mkubwa anampigia picha kadi ya kliniki na kuiambatisha kwa mtoto wake wa Muscat, naye anajua dawa imebadilishwa au bado.

Atasahau. Wiki mbili bila kugusa atakuwa amesahau pa kubonyeza, ni kawaida, rudieni kwa daftari na sio kwa kumbukumbu, kila hatua iandikwe kwa mkono wake yeye na kwa maneno yake. Daftari la baba lina mstari unaosema "bonyeza kalamu nyekundu chini kulia, subiri, usiwe na haraka", na hiyo kalamu sio hata nyekundu sana ila yeye ndo anavyoiona.

Na akikuandikia, mjibu kabla ya jua kuzama. Kama uko kazini andika tu "Shikamoo baba, barua nimeipata, nakujibu usiku nikitulia", na usiku ukitulia umjibu.